Ukitaka picha ya paka, tafuta kamera yenye wepesi wake

Leo baada ya chakula cha mchana hebu itoe albamu ya nyumbani kwenu, ile kubwa yenye jalada la maua ambayo kurasa zake zimeanza kugandana kwa joto. Utamwona baba akiwa kijana, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Utaiona harusi ya shangazi, Idi ya miaka hiyo na watoto waliovalishwa viatu vilivyowazidi. Sasa mtafute paka. Huenda ukauona mkia wake ukingoni mwa picha moja, au mgongo wake chini ya kiti cha bibi harusi. Ilhali paka huyo aliishi nanyi miaka kumi, akala vichwa vya vibua kila jioni na kuyalinda magunia ya unga dhidi ya panya. Hana hata picha moja iliyo yake mwenyewe.

Kwetu sisi wa Bofu na Likoni kwa jumla, sababu haifichiki. Katika miaka ya 1990 wapiga picha walikuwa na vibanda vyao karibu na kivuko cha Likoni, vilivyopambwa kwa maua ya plastiki na pazia zilizochorwa meli, ndege na miji ya mbali. Sifa zao zilivuka bahari, kwani mtafiti Mjerumani Heike Behrend aliandika makala juu yao katika jarida la African Arts mwaka 2000. Watu walivaa nguo zao bora, wakasimama wima mbele ya meli ya rangi, wakapigwa picha moja au mbili. Filamu ilikuwa na picha 24 au 36 tu, na kila kitufe kilipobonyezwa pesa zilikuwa zimekwenda. Nani angemtia paka kikapuni, amfikishe penye feri, kisha alipie picha ambayo huenda paka angeiharibu kwa kugeuza kichwa?

Kamera za dijitali ziliiondoa gharama hiyo. Ukipiga picha 100 na kuzifuta 99, hujapoteza hata senti. Ndiyo sababu siku hizi vijana wengi wanaomba wazazi wao kamera ndogo za mfukoni, na wengi wao, ukiwauliza watapiga picha ya nini, watakutajia mnyama aliye nyumbani: paka, mbuzi, sungura, njiwa walio darini, au mbwa wa kulinda ua. Makala haya yanakusudia kukusaidia kuchagua kamera hiyo bila kujuta.

Mwandishi wa makala haya alijuta. Nyumbani kwetu tulikuwa na paka jike mwenye mabaka meusi na manjano, jina lake Sharubu. Alipoanza kukonda na kushinda amelala juu ya kinu kilichopinduliwa, mama aliniomba nimpige picha nzuri ya kuwekwa sebuleni. Nikaenda mjini, nikaona kamera iliyoandikwa megapikseli 20 kwa herufi kubwa kwenye kisanduku chake, nikalipa. Sikuijaribu na sikuuliza swali lolote. Kosa lilikuwa langu. Jumamosi hiyo nilipiga picha zaidi ya 60. Kila nilipobonyeza kitufe kamera ilinguruma, ikatafakari, kisha ikapiga wakati ambapo Sharubu alikuwa amekwisha kugeuka au kuondoka. Mama alizitazama zote kwa makini, kisha akaniuliza, "Mwanangu, paka gani huyu asiye na kichwa?" Nilimwambia nitajaribu tena Jumamosi itakayofuata. Sharubu hakuifikia.

Kwa hivyo jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko mengine yote, ni muda unaopita kati ya kidole chako kubonyeza na kamera kupiga. Binadamu humwambia "tulia" akatulia. Paka hatulii kwa amri ya mtu. Kamera ya kwanza ya dijitali, iliyoundwa na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak nchini Marekani mwaka 1975, ilikuwa na uzani wa takriban kilo 3.6 na ilichukua sekunde 23 kuihifadhi picha moja kwenye utepe wa kaseti. Katika sekunde 23 paka wa Bofu ameruka ukuta, ameiba samaki kwa jirani na kurudi. Kamera za leo ni nyepesi mno zikilinganishwa na hiyo, lakini nyingi kati ya zile ndogo za bei nafuu, hasa zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, bado husita karibu sekunde nzima zikitafuta fokasi.

Utaupimaje wepesi huo dukani? Usiusome kwenye kisanduku. Omba kamera iwashwe, simama mlangoni, na ujaribu kupiga picha ya bodaboda inayopita barabarani. Kisha tazama kiooni. Ikiwa bodaboda imo katikati ya picha, endelea na mazungumzo ya bei. Ikiwa umepata moshi na gurudumu la nyuma, mshukuru mwenye duka na uende duka la pili. Jaribu pia kupiga mfululizo, yaani kidole kikandamize kitufe bila kukiachilia, uone kamera inapiga picha ngapi kabla ya kuchoka. Katika picha kumi za mbuzi anayeruka, moja huwa imemkuta akiwa hewani.

Tena kuna ujanja ambao hauhitaji kamera ghali. Karibu kila kamera ndogo hukuruhusu kukibonyeza kitufe nusu. Hapo hupata fokasi na kusubiri. Mlenge paka akiwa bado amelala, bonyeza nusu, vuta subira, na anapofumbua macho malizia. Kusita kote kutakuwa kumekwisha kabla yeye hajajua lolote. Laiti ningaliusoma ule ukurasa wa kijitabu cha maelezo siku ile!

Jambo la pili ni mwanga, na hapa ndipo wauzaji hutupotosha kwa habari za megapikseli. Megapikseli hueleza ukubwa wa picha unaoweza kuchapisha. Hazielezi iwapo picha yenyewe ni nzuri. Megapikseli 10 zinatosha kabisa kwa picha ya kutundika ukutani. La maana zaidi ni ukubwa wa kihisi, kile kibamba kilicho ndani ya kamera ambacho hupokea mwanga mahali ambapo zamani palikuwa na filamu. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi cha takriban milimita 6 kwa 4.6, kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha shahada. Nyingine, zile ambazo kihisi chao huitwa cha inchi moja, zina cha milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni takriban mara nne ya hicho kidogo. Ndani ya nyumba yenye balbu moja, tofauti hiyo huonekana wazi: kamera moja itakupa manyoya ya paka uzi kwa uzi, na nyingine itakupa kitu kama uji wa wimbi.

Pamoja na kihisi, tazama namba iliyoandikwa kuzunguka lenzi, inayoanza kwa herufi f au kwa 1 na nukta mbili. Namba ikiwa ndogo, lenzi ni wazi zaidi. Lenzi ya f/1.8 hupitisha takriban mara nne ya mwanga wa lenzi ya f/3.5. Mara nyingi utaona namba mbili, mathalan f/3.6 hadi f/7. Ya kwanza ni lenzi ikiwa haijarefushwa, na ya pili ni ikiwa umeivuta hadi mwisho. Maana yake ni kwamba ukivuta ili umwone njiwa aliye darini, mwanga unaoingia hupungua hadi takriban robo. Juani hutajali. Jioni utapata ukungu.

Na mwanga ukipungua kamera hulazimika kukiacha kifungio chake wazi kwa muda mrefu zaidi. Paka aliyelala fofofo utampata kwa sehemu ya 1/60 ya sekunde. Anayetembea anataka 1/250. Mbuzi au mbwa anayekimbia anataka 1/500 au hata 1/1000, la sivyo atatoka na miguu minane. Ikiwa kamera unayoitazama ina alama ya mtu anayekimbia katika orodha yake ya mipangilio, hiyo ndiyo humwambia mashine apige haraka. Itumie hiyo hata kama hujui lingine.

Wapo watakaosema tiba ya giza ni flashi. Flashi kwa mnyama ni balaa. Nyuma ya jicho la paka, la mbuzi na la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, nao ndio huwasaidia kuona usiku. Ukiwamulika, macho yao hutoka kwenye picha kama taa za matatu ya usiku, na baada ya mara mbili hawatakukaribia tena. Izime. Badala yake mngoje paka kizingitini. Paka wa pwani hupenda kulala mlangoni ambapo upepo hupita, na mlango uliofunguliwa hutoa mwanga mororo kuliko taa yoyote ya studio. Nje, tumia saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Saa sita mchana jua letu huwa la utosi, na mnyama hugeuka kivuli chenye masikio.

Sasa nikujibu swali ambalo bila shaka umekwisha kujiuliza: kwa nini nisitumie simu? Nitasema kweli ingawa itawaudhi wauza kamera. Simu nzuri ya miaka ya karibuni hushinda kamera ndogo ya bei nafuu karibu katika kila jambo, isipokuwa kuvuta kwa lenzi. Simu nyingi, ukizidi kuvuta, hukata picha na kuitanua tu, nalo umbo huharibika. Lenzi ya kamera inayorefuka humleta njiwa karibu kwelikweli. Faida hiyo si ndogo kwa wanyama, maana hukuwezesha kukaa mbali na kuku mwenye vifaranga, au na mbwa usiyemjua. Watoto waelezwe waziwazi kwamba mbwa wa mtaani hasogelewi kwa ajili ya picha, kwani kichaa cha mbwa huua.

Faida nyingine ni ya kifamilia. Mtoto unaweza kumpa kamera bila kumpa intaneti pamoja nayo. Aidha simu ikipotea kwenye msongamano wa feri, picha za miaka mitatu hupotea nayo, kwa wale wasiozihifadhi kwingine. Lakini ikiwa mnyama wako ni mpole, nyumba ina mwanga, na simu yako ni nzuri, hifadhi pesa zako. Wanunulie mbuzi majani.

Biashara yenyewe ya kamera hizi imepitia misukosuko. Mwaka 2010 viwanda vilisambaza zaidi ya kamera ndogo milioni 100 duniani, na kufikia mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa imeporomoka hadi chini ya milioni 2. Simu ndizo zilizoziua. Kisha vijana wa nchi za nje wakaanza kuzitafuta zile kuukuu kwa kupenda sura ya picha zake, bei zikapanda, na mwaka 2025 Canon ikarudisha sokoni kamera yake ndogo ya mwaka 2016 ikiwa na mabadiliko machache. Hivyo usishangae ukikuta kamera iliyotupwa kabatini kwa miaka 15 ikitajiwa bei ya kutisha.

Mtu akinibana nitaje kamera, nitataja mbili au tatu tu. Sony RX100 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2012, ina kihisi cha inchi moja na lenzi ya f/1.8, na hupiga picha 10 kwa sekunde. Ikipatikana iliyotumiwa kwa uangalifu, inafaa sana. Ndugu yake RX100 VII ya mwaka 2019 inaweza kulitambua jicho la mnyama na kulifuata mnyama anapotembea. Ni maajabu, ila ilipotoka iliuzwa kwa dola 1,200 hivi, zaidi ya shilingi 120,000 kwa kiwango cha wakati huo. Kwa pesa hizo mama angenunua mbuzi wa kupigwa picha na wa kuliwa.

Ya tatu ndiyo ninayoipendekezea nyumba yenye watoto na mchanga: Olympus TG-6 ya mwaka 2019, au TG-7 ya mwaka 2023 iliyotoka kwa jina la OM System. Lenzi yake haichomozi nje, haiogopi vumbi, na huweza kuzamishwa mita 15. Kihisi chake ni kidogo, kwa hivyo gizani haiwezi kushindana na Sony. Lakini lenzi ni f/2, na ina mpango unaoanza kunasa picha ukiwa umebonyeza nusu, hata ukimalizia kubonyeza, inakuwekea pia zile za nukta iliyotangulia. Kwa mtu anayengojea paka apige miayo, hakuna msaada mkubwa kuliko huo.

Wengi wetu hata hivyo tutanunua mtumba, na mtumba una mitego yake. Uliza betri na chaja kabla ya kuuliza bei, kwa sababu betri za kamera za zamani huwa ngumu kupata. Halafu uliza kadi ya kumbukumbu. Kamera za zamani za Olympus na Fujifilm zilitumia kadi iitwayo xD, na za Sony zilitumia Memory Stick. Hizo si kadi za SD unazoziona kila duka la simu. Hata kamera ya SD, ikiwa iliundwa kabla ya mwaka 2006 hivi, huenda isikubali kadi inayozidi gigabaiti 2. Watu hununua kamera, kisha huzunguka Moi Avenue siku nzima wakitafuta kadi.

Sikiliza lenzi inapotoka na kurudi. Ikikwaruza kama mchanga kwenye jino, ni mchanga kweli. Imulike kwa tochi ya simu: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, nayo ndiyo ugonjwa mkuu wa kamera katika mwambao wetu wenye unyevu. Mwisho, dai risiti au jina la aliyeiuza mwanzo. Kamera ya wizi huweza kukufikisha kituoni hata kama wewe uliinunua kwa nia safi.

Ukishaipata, itunze dhidi ya chumvi. Usiiache kwenye mfuko wa ngozi miezi mitatu. Iweke katika kopo lenye kifuniko pamoja na vile vijifuko vya chembechembe ambavyo huja ndani ya masanduku ya viatu. Ukitoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi, usiitoe upesi katika joto la nje, iache ndani ya mkoba hadi ipate vuguvugu, la sivyo lenzi hutokwa jasho.

Na sasa upo uani na mnyama wako. Lala chini. Ndiyo, juu ya mkeka, tumbo chini, hata kama majirani watacheka. Paka akipigwa kutoka juu huonekana kama kitu kilichoangushwa. Akipigwa usawa wa macho yake huonekana mwenye nyumba. Ikiwa ni mweusi, kamera itajitahidi kumng'arisha hadi awe kijivu, basi tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, upunguze kidogo. Ikiwa ni mweupe, fanya kinyume chake: ongeza. Mtu mmoja akwaruze karatasi iliyofungiwa samaki, mwingine apige. Usimfunge kamba, usimfukuze.

Kisha kumbuka kwamba uani ni mahali pa watu. Nyuma ya paka huenda kuna mama anayeanika nywele, au dada asiye na buibui wala habari ya kamera yako. Bisha hodi kwa kamera kama unavyobisha kwa miguu. Kabla ya kumwonyesha mtu yeyote picha hiyo, itazame pembe zote nne, na ukimwona asiyetaka kuonekana, ifute palepale mbele yake.

Picha za mifugo zina kazi nyingine pia. Mwenye mbuzi na ampige picha za pande zote mbili, na alama za masikio kwa karibu, hasa sikukuu zinapokaribia. Mbuzi wote huwa weusi wenye doa jeupe siku ya kutafutwa, na anayekwenda kwa chifu na picha husikizwa upesi kuliko anayekwenda na maneno. Vivyo hivyo paka anapougua ngozi, picha ya leo na ya wiki ijayo humweleza daktari wa mifugo mengi.

Nyumbani kwetu Bofu sasa yupo mjukuu wa Sharubu, dume mwenye mabaka yaleyale, anayelala juu ya kinu kilekile. Mpwa wangu wa miaka 11 alipewa kamera ya mtumba, akaambiwa habari ya kubonyeza nusu, akajilaza mlangoni asubuhi moja ya likizo hadi chai yake ikapoa. Picha aliyoipata tuliipeleka mjini ikachapishwa, nayo imetundikwa sebuleni kando ya ile ya harusi ya wazazi. Paka amepiga miayo hadi meno ya nyuma yanahesabika, na sikio moja limekatwa na ukingo wa picha. Nilipendekeza apigwe nyingine iliyo sawa. Mama alisema hiyo haiondoki.